Meza ya Aliyebaki

Farasi mweusi wa sataranji, yule wa meza ya tatu, ni wa pinki, rangi kamili ya ufizi. Mtoto mgeni akimwona hudhani anataniwa, na waliozoea humweleza kwa maringo, kana kwamba farasi huyo ni mali ya baba zao: huyu katengenezwa na Shangazi, yule wa asili alitafunwa na mbwa. Ngome nyeupe ya meza ya kwanza nayo ni ya plasta. Ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga, kwa hiyo usiikwaruze, maana Shangazi ana macho hadi kisogoni.

Shangazi ni fundi wa meno ya bandia. Anafanya kazi katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba chenye meza, taa ya shingo ndefu, mashine ya kung'arishia na kidirisha ukutani kinachotosha kupitisha mikono miwili. Daktari hupitisha kalibu ya mdomo wa mgonjwa, pamoja na maelezo ya rangi na ukubwa. Shangazi hupanga meno kwenye nta, moja moja, hupika, husugua, hung'arisha, kisha huyarudisha kupitia kidirisha kilekile. Mdomo wa mtu anaujua pengo kwa pengo, lakini uso wake hajapata kuuona. Upande wa pili wa ukuta husikia mtu akijaribu meno mapya, mkewe akimwambia amerudi kijana, daktari akishukuriwa, wote wakicheka. Yeye huku nyuma anafuta meza. Siku nyingine, njiani kurudi nyumbani, mzee fulani akimchekea muuza duka, Shangazi husimama ghafla: yale ni yake! Lakini hajawahi kwenda kujitambulisha. Utamwanzia wapi mtu, umwambie hayo meno unayochekea ni kazi ya mikono yangu?

Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Watu walimuuliza hadi wakachoka, naye akawajibu hadi akachoka. Ila kaka yake alipofiwa na mke, mtoto wao mdogo wa kiume aliletwa kwa shangazi yake akae "kwa muda tu," na muda huo ukanyooka hadi mtoto akaota ndevu. Alikuja akiwa hasemi. Alikula akiambiwa kula, akalala akiambiwa lala. Shangazi hakujua dawa ya mtoto asiyesema, akanunua sokoni boksi la sataranji la mtumba, kete nusu hazipo, akazitengeneza zilizopungua kwa plasta na akriliki, ile plastiki ya pinki ya ufizi, iliyobaki kazini. Nyeupe kwa plasta, nyeusi kwa pinki, kwa sababu fundi wa meno hana rangi nyeusi, na akiwa nayo ana maswali ya kujibu. Mtoto aliziangalia kete zile, akashika mfalme wa pinki, akasema neno la kwanza tangu msiba: "Huyu kang'olewa wapi?" Shangazi alicheka hadi machozi, na hayakuwa ya kucheka tu.

Hivyo ndivyo mashindano yalivyoanza. Mtoto alitaka wa kucheza naye zaidi ya shangazi yake, ikabidi Shangazi awatafute. Alianza na watoto wa majirani sebuleni, baadaye akaomba ukumbi wa shule ya msingi, Jumamosi moja kila mwezi. Kijana mmoja, mwalimu wa hesabu wa shuleni hapo, alijitolea kupanga nani acheze na nani, na mpaka leo yupo, na mpaka leo wote wanamwita Mwalimu tu.

Ushindi haukuwa jambo la kwanza kwa Shangazi, na kuna wazazi waliomwona hamnazo kwa hilo. Aliwafundisha watoto tabia. Kabla ya mchezo mnapeana mikono mkiangaliana, si kama mtu anayepokea chenji. Mpinzani akifikiria humsukumi: hakuna kukohoa, hakuna kugonga meza, hakuna "cheza basi!" Mchezo ukiisha, aliyeshinda na aliyeshindwa wanapanga kete upya pamoja, ndipo wanainuka. Wazazi wanabaki barazani, na atakayechungulia dirishani atapewa kazi ya kupanga viti. Na kubwa kuliko yote: kete uliyoigusa ndiyo unayoicheza. Umeigusa bila mtu kukuona? Unanyoosha mkono na kusema, "Nimegusa."

Siku moja mtoto mmoja alifanya hivyo akiwa anaongoza. Mpinzani wake alikuwa ameinama kuokota penseli, hakuona kitu. Mkono ukapanda juu. "Nimegusa." Akalazimika kumcheza malkia wake, malkia akaliwa, na kikombe kikaenda kwa mwingine. Baba yake alimsubiri Shangazi barazani, mishipa imemtoka.

"Shangazi, wewe unamfundisha mwanangu ujinga! Nani alimwona?"

"Alijiona mwenyewe."

"Na huko duniani atakula nini na huo uaminifu wenu?"

"Sijui atakula nini, baba. Najua atalala vizuri."

Baba yule aliondoka akilaani, na kwa muda mtoto hakuonekana. Kisha akarudi, safari hii kaletwa na mama yake. Shangazi alimwonyesha tu kiti.

Mtoto wa kaka yake alikua, akapata kazi nchi ya mbali, kwenye ghala la kupakia mizigo, kazi ya zamu. Kabla hajapanda ndege walikubaliana: watacheza kwa simu, hatua moja moja, kwa ujumbe. Shangazi akapanga ubao kwenye meza yake ya kulia chakula. Mwanzoni kila hatua ilikuja na habari zake: baridi, mwenye nyumba mkorofi, kiatu kilichochanika. Baadaye ikaja hatua peke yake, kavu. Baadaye haikuja. Zamu ya kucheza ilikuwa ya kijana, na Shangazi akakaa kusubiri. Kumwandikia "vipi, mbona kimya" hakuweza. Si yeye aliyemfundisha kwamba mpinzani hasukumwi? Ubao ukabaki mezani, akawa anakula sahani ikiwa mapajani. Kila Jumapili alipangusa kete vumbi kwa brashi yake ya kazini, moja moja, bila kuisogeza hata moja.

"Kijana hajambo huko?" majirani waliuliza.

"Hajambo," Shangazi alijibu. "Anafikiria tu."

Sasa, kwenye mashindano kila mtu anahitaji mwenzake. Watoto wakiwa idadi ya witiri, mmoja anakosa wa kucheza naye. Kanuni zinampa pointi ya bure, kama aliyeshinda, basi yamekwisha. Mtu mzima huipokea pointi hiyo kwa mikono miwili. Mtoto haipendi. Mtoto aliyeamka mapema na kusuguliwa masikio, ukimwambia kaa pale umeshashinda, anakuangalia kana kwamba umemnyang'anya kitu. Kwa hiyo Shangazi aliweka meza ndogo chini ya dirisha, wakaiita meza ya aliyebaki. Raundi ya kwanza anayebaki ni mdogo kuliko wote, ili azoee kabla hajaingia vitani, na Shangazi mwenyewe huketi na kucheza naye. Mchezo huo hauhesabiwi popote.

Ambacho hakumwambia mtu ni kwamba hiyo ndiyo michezo pekee aliyobaki nayo. Alianza kuhesabu watoto mlangoni huku moyo ukiomba witiri. Wakitimia shufwa, kila mmoja na mwenzake, alitembea ukumbini mikono nyuma, akinyoosha viti ambavyo havikuwa vimepinda. Ukumbi mzima unawaza na saa za michezo zinagonga mezani, naye hana pa kukaa. Akirudi nyumbani siku hizo aliwasha redio akaiacha inaongea yenyewe.

Ndipo akaja Punje. Alikuwa na miaka saba, mdogo hata kwa umri wake, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo. Shangazi, kwa mazoea ya kazi, aliona mdomo kabla ya kitu kingine: meno ya mbele juu hakuna, chini hakuna.

"Shangazi, ni kweli unatengeneza meno?"

"Kweli."

"Nitengenezee na mimi."

"Yako yanakuja yenyewe, tena bure."

"Yakichelewa?"

"Yakichelewa njoo tuzungumze."

Punje alikuwa akicheza huku anaongea, tabia mbaya kwenye meza nyingine zote, lakini kwenye meza ile Shangazi alijifanya hasikii. Mtoto aliuliza mambo ambayo watu wazima huyazunguka.

"Nyumbani unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Sasa nani anakuzimia taa ukishalala?"

"Naizima mwenyewe kabla sijalala."

Punje alishika tama, akafikiri zaidi ya alivyofikiria mchezo. "Kwa hiyo ukiizima unatembea gizani mpaka kitandani?"

"Ndiyo."

"Mimi nisingeweza."

Shangazi alitaka kusema kwamba unazoea. Hakusema, maana hakuwa amezoea.

Raundi ya kwanza iliisha kabla mchezo wao haujaisha. Punje aliitwa meza nyingine, akainuka, akarudi mbio kumwekea kidole kifuani. "Tunaendelea mwezi ujao. Hapahapa tulipoachia. Usisahau, Shangazi!"

Kusahau? Mwezi mzima Shangazi aliishi na mchezo ule. Alijua kila kete ilipo. Kazini, akisubiri plasta ikauke, alipanga vipande vya nta mezani kama vilivyokuwa, akawaza Punje atakwenda wapi na yeye atajibu nini, na jinsi ya kumwachia mtoto ashinde bila mtoto kugundua. Alinunua na biskuti laini, za mtu asiye na meno. Tangu kijana aondoke hakuna aliyemwambia "tunaendelea." Neno dogo, lakini lilimtoa kitandani asubuhi.

Jumamosi hiyo mvua ilianza alfajiri, ikashikilia. Shangazi aliketi mlangoni akiandikisha watoto wanaoingia wakichuruzika maji, na kila aliyeingia alimgeuza roho: witiri, shufwa, witiri. Wa mwisho aliingia, wakawa witiri. Mdogo kuliko wote alikuwa Punje, aliyekwisha kujikalia kwenye meza ya dirishani, miguu ikining'inia, akimpungia mkono. Furaha iliyompata Shangazi, ukiiona ungedhani amepata barua ya mirathi.

"Tumetimia?" aliuliza Mwalimu, kompyuta yake tayari.

"Panga."

Kwa kanuni iliyobandikwa mlangoni, uandikishaji ulikuwa umekwisha. Lakini kanuni hiyo ilikuwa ya mapambo. Miaka yote Shangazi alipokea watoto hadi saa ya kwanza ya mchezo ibonyezwe, na siku za mvua hata baada ya hapo, akisema mvua haina adabu, tusiwaadhibu watoto kwa ajili yake. Mwalimu alishapanga upya mara nyingi huku ananung'unika.

Watoto walipokuwa wanatafuta meza zao, Shangazi aliwaona. Mama na binti walikuwa wanavuka uwanja mbio, mfuko wa nailoni kichwani. Mama alifika kwanza, anahema, sketi imemganda miguuni.

"Shikamoo Shangazi. Tusamehe, njia imejaa maji, tumezungukia huko juu."

"Marahaba."

Binti alikuwa mkubwa kidogo kuliko Punje. Mkononi alikuwa na penseli iliyochongwa vizuri, ameifunika ncha kwa vidole isilowe. Ilikuwa mara yake ya kwanza, hilo lilionekana wazi, kwa jinsi alivyochungulia ndani kama anayechungulia sherehe ya watu.

Akiingia huyu, wanatimia shufwa. Punje anapata mpinzani. Shangazi alifanya hesabu hiyo kwa kufumba na kufumbua, na kabla hajajizuia mdomo ulikwisha kusema.

"Tumefunga, mama."

"Kwa dakika hizi chache tu? Si hawajaanza?"

"Utaratibu ni huo, umebandikwa hapo. Njooni mwezi ujao."

Mama aliangalia karatasi, akaangalia ukumbi, akamwangalia mwanawe. Alikuwa mtu wa kukubali mambo, bahati mbaya. "Haya," alisema. "Umesikia, mwanangu. Tusubiri mvua ipungue, twende." Binti aliitikia kwa kichwa. Walisimama barazani, upande wa dirisha, na Shangazi akarudisha mlango.

Mwalimu alikuwa amesikia. Alimwangalia Shangazi juu ya miwani, akarudi kwenye kompyuta yake. Saa zikabonyezwa.

Shangazi aliketi mbele ya Punje, akapanga kete kama zilivyoachwa mwezi uliopita, kila moja mahali pake, bila kusita hata mara moja.

"Umekumbuka!" Punje alisema.

"Nilikwambia nitasahau?"

Wakaendelea. Kilikuwa ndicho kitu alichokisubiri mwezi mzima, nacho kiko mbele yake, mapengo na maswali yote, na hakikumnogea. Punje alimweleza kuhusu jino lililong'oka kwenye embe. Shangazi aliitikia "ehee" mahali pasipo pake. Kupitia dirishani, juu ya kichwa cha Punje, aliona bega la mama na nusu ya uso wa yule binti. Binti hakuwa analia. Angelia ingekuwa nafuu. Alikuwa amesimama wima akiangalia meza iliyo karibu zaidi, na kidole chake kilikuwa kinatembea hewani, kinacheza.

Shangazi aligeuza macho, akayarudisha tena.

"Nimegusa," alisema Punje.

Mkono wake mdogo ulikuwa juu, kama inavyotakiwa. Mbele yake farasi alikuwa amekaa vilevile.

"Umegusa nini?"

"Farasi. Nilimshika kidogo nikamwacha. Nikimcheza utanilia ngome."

"Mimi sikukuona, Punje. Nilikuwa naangalia nje. Tena huu mchezo wa kirafiki, hauhesabiwi. Cheza unachotaka."

Punje alimkazia macho, kwa mshangao wa mtoto anayemsikia mtu mzima anakosea somo lake mwenyewe. "Lakini si nimegusa?"

Shangazi alihisi uso unamuwaka. Umri wote ule, mikono yote midogo iliyoinuliwa juu mbele ya wenzao, vikombe vyote walivyovipoteza watoto wa watu kwa sababu yeye aliwaambia hivyo ndivyo inavyokuwa. Naye amemfungia mtoto mlango kwenye mvua ili apate wa kuongea naye. Kanuni iko upande wake, hakuna aliyeona kosa, na angeweza kukaa hapo hadi raundi iishe. Aliinuka.

"Simamisheni saa," alisema. Kisha akanyoosha mkono juu, katikati ya ukumbi, mtu mzima mwenye mvi. "Nimegusa."

Hakuna aliyeelewa. Mtoto mmoja alicheka, akaacha mwenyewe.

Mwalimu alimsogelea. "Shangazi, kaa," alisema chini chini. "Muda ulikuwa umepita. Hujavunja kitu."

"Nimevunja, Mwalimu." Akawageukia watoto. "Kuna mwenzenu yuko nje. Alikuja kabla hatujaanza, nikamwambia tumefunga. Hatukuwa tumefunga. Angeingia yeye, Punje angepata wa kucheza naye, na mimi ningekosa. Nilitaka kucheza. Basi, ni hilo tu. Msiguse kete, narudi."

Alipotoka, barazani hapakuwa na mtu. Walikuwa wameona mvua imelegea kidogo, wakaondoka. Shangazi hakurudi kuchukua mwavuli. Alikimbia, kandambili zikimrushia tope hadi mgongoni, mkono umeshikilia kiuno, hadi akawakuta wanatoka getini.

"Mama! Subiri, mama!"

Mama aligeuka. Shangazi hakuwa na pumzi ya maneno mengi. "Rudini. Nafasi ipo."

"Si ulisema mmefunga?"

"Nilisema uongo."

Mama alimtazama kuanzia nywele zilizolowa hadi kandambili. Ule ukubali wote ulikuwa umemtoka. "Mtu mzima kama wewe," alisema, taratibu. "Kwa mtoto."

Shangazi alilipokea. Lilikuwa neno lake, alistahili kulichukua zima.

"Mimi nimechoka kuzungushwa," mama alisema. "Muulize mwenyewe kama anataka."

Binti aliangalia penseli yake. Ncha ilikuwa bado kavu. "Saa yangu imeshaanza kutembea?" aliuliza.

"Haijaanza. Tumezisimamisha zote."

Waliporudi, Punje alikuwa ameshaelewa. Alikuwa ameuvunja mchezo wao na kupanga kete upya, pande zote mbili, farasi wakiangalia mbele. Shangazi aliona ubao umenyooka, kila askari kwenye mstari wake, na akaukumbuka ule wao uliovunjwa, ingawa huu ndio aliokimbilia kwenye mvua.

"Na wetu?" Punje alimnong'oneza.

"Wetu umeisha."

"Nani kashinda?"

"Wewe."

Wakapeana mikono, wakiangaliana. Kisha Shangazi akamwachia binti mgeni kile kiti, kikiwa bado na joto lake.

Walikuwa shufwa siku nzima. Nguo zilimkaukia mwilini. Alitembea mikono nyuma, akanyoosha viti. Watoto waliopishana naye walimwangalia kwa adabu mpya, iliyomuumiza kidogo, kwa kuwa ilikuwa na huruma ndani yake. Jioni Punje na yule binti walitoka wakishikana mikono, wanabishana juu ya farasi, na Punje hakukumbuka kugeuka kuaga. Hakuwa na sababu. Shangazi alikuta biskuti kwenye mkoba alipofika nyumbani, zimelowa, zimekuwa uji.

Kesho yake, Jumapili, alichukua brashi apanguse ubao wa mezani. Alipangusa mfalme, akapangusa malkia, akafika kwa farasi mkono ukamsimama. Tangu jana sauti yake mwenyewe ilikuwa inamrudia: nilitaka kucheza, basi, ni hilo tu. Alikuwa amewaambia watoto wa watu ukumbi mzima. Aliyepaswa kuambiwa alikuwa mmoja, na kuhusu huyo aliwaambia majirani anafikiria, anafikiria tu. Mbona si kweli. Kijana hakuwa anafikiria. Na yeye hakuwa anasubiri hatua. Alikuwa ameificha haja yake nyuma ya kete kama mtoto aliyegusa na kurudisha mkono mfukoni.

Alizikusanya zote, za plasta na za pinki, akazitia kwenye boksi, akafuta meza. Ilikuwa kubwa kuliko alivyoikumbuka. Kisha akaandika, kwa kidole kimoja, akifuta na kuandika tena: Mwanangu, hujambo? Nimekukumbuka sana. Akatuma kabla hajapata akili ya kutotuma.

Jibu lilikuja chai ikiwa bado ya moto. Shangazi, samahani sana, kazi imenibana. Najua zamu ni yangu. Farasi anakula askari wa pembeni.

Alilisoma mara mbili. Kumbe kijana naye hakusahau, alikuwa na mchezo wote kichwani. Ilikuwa hatua nzuri pia, alimfundisha vizuri. Zamani angeruka kwa furaha. Aliliangalia boksi. Lilikuwa karibu, angeweza kulifungua, akapanga kila kitu palepale, na maisha yakaendelea kama yalivyokuwa, sahani mapajani.

Akaandika: Mchezo nimeurudisha kwenye boksi. Nataka kukusikia.

Simu ikakaa kimya. Alianza kujuta, akajiona ameharibu hata kile kidogo alichokuwa nacho. Ndipo ikaita, ikamshtua, chai ikamwagika mezani.

"Shangazi? Unaumwa?"

Sauti ya kijana ilikuwa nzito kuliko aliyoondoka nayo. Nyuma yake hapakuwa na watu, hapakuwa na redio, palikuwa na mwangwi wa chumba kisicho na vitu.

"Siumwi," alisema. Akashika ukingo wa meza. "Niko peke yangu tu, mwanangu. Basi, ni hilo tu. Niko peke yangu sana."

Kule upande wa pili palinyamaza. Kilikuwa kile kimya cha zamani, cha mtoto aliyeletwa na begi lake akiwa hasemi, na Shangazi aliyekijua hakukisukuma. Alingoja.

"Na mimi, Shangazi," alisema kijana.